Tangazo lililopigwa picha halisomeki kwa asiyeona

TANGAZO la ajira lenye muhuri na saini, likishapitishwa kwenye skana na kuwekwa katika tovuti, huonekana limekamilika. Kwa msomaji asiyeona, mara nyingi tangazo hilo halina hata neno moja.

Wasioona hutumia kompyuta kwa msaada wa programu inayosoma maandishi kwa sauti, au inayoyapeleka kwenye kifaa cha nukta nundu. Programu ya JAWS ilitolewa Marekani mwaka 1989. NVDA, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, kijana asiyeona wa Australia, hutolewa bure. Programu hizo husoma herufi, lakini skana hutoa picha ya karatasi tu.

Ni kweli kwamba siku hizi zinaweza kujaribu kutambua herufi zilizomo ndani ya picha. Hata hivyo, muhuri ukiangukia tarehe ya mwisho ya kutuma maombi, hapo ndipo hukosea, na mwombaji hana namna ya kujua.

Dawa yake haina gharama. Waraka uliochapwa kwa kompyuta uhifadhiwe moja kwa moja kama PDF badala ya kuchapishwa na kupigwa picha. Nakala yenye saini ibaki kwenye jalada. Vichwa vya habari viwekwe kwa mtindo wa vichwa, si kwa kukoleza wino tu, ili msikilizaji aweze kuruka kutoka sehemu moja hadi nyingine. Picha ziwe na maelezo mafupi.

Kisingizio cha gharama si kigeni. Mwaka 1999 Bruce Maguire, asiyeona, aliilalamikia kamati ya maandalizi ya Olimpiki ya Sydney kuhusu tovuti yake. Kamati ilidai marekebisho yangegharimu Dola milioni 2.2 za Australia. Tume ya Haki za Binadamu haikukubali, na mwaka 2000 iliamuru alipwe fidia ya Dola 20,000.

Tanzania nayo iliridhia mwaka 2009 mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao kifungu chake cha 9 kinaitaja intaneti.

Afisa anayetaka kuhakiki waraka wake aufungue, kisha ajaribu kuchagua neno moja kwa mausi. Neno lisipobadilika rangi, hiyo ni picha.