Utangulizi: Mgeni Ndani ya Kihamba

Taaluma unayoingia, inayounganisha uchumi mzunguko na utalii rejeshi vijijini, ni changa kwa jina, lakini mambo inayoyachunguza wazee wetu waliyaishi kwa karne nyingi. Inauliza hivi: mtalii akifika kijijini, akala, akaoga, akalala kisha akaondoka, je, udongo, maji na watu aliowaacha wamepata nguvu au wamepungukiwa?

Mawazo yanayotusaidia kujibu yametoka pande mbili. Kwanza kuna uchumi mzunguko. Mwaka 1966 mchumi Kenneth Boulding aliandika kwamba dunia haina ghala jingine nje yake, kwa hiyo hatuwezi kuendelea kuchota huku na kutupa kule. Miaka 10 baadaye Walter Stahel, msanifu majengo wa Uswisi, pamoja na Geneviève Reday, waliiandikia Tume ya Ulaya ripoti iliyoonyesha kuwa kukarabati kitu badala ya kukitupa kunaokoa nishati na kuongeza ajira. Tangu hapo wazo hili limekaa zaidi viwandani, kwenye vyuma, chupa na simu. Pili kuna utalii rejeshi. Utalii endelevu, uliopata nguvu baada ya ripoti ya Tume ya Brundtland ya 1987, ulijitahidi kupunguza madhara. Utalii rejeshi hauridhiki na hapo: unataka ziara yenyewe iwe sababu ya udongo kunenepa, chemchemi kulindwa, na kijana kuona faida ya kubaki shambani.

Wengi huanza somo hili kwa hoteli yenye paneli za sola. Mimi nashauri uanzie kwenye kihamba, huko kwenye miteremko ya Kilimanjaro.

Kihamba ni shamba linalozunguka nyumba ya Mchagga, na ukisimama ndani yake unaona ghorofa kadhaa za mimea: juu miti mikubwa ya kivuli, chini yake migomba, kisha mibuni, na chini kabisa magimbi na mboga. Ng'ombe hazururi, yupo zizini na chakula humfuata. Mgomba ukishatoa mkungu, shina lake hukatwakatwa na kupewa ng'ombe. Majani makavu hutandazwa chini ya mibuni ili udongo usikauke. Maganda ya ndizi za mtori huishia zizini vilevile, na samadi hurudi kwenye shimo la mgomba mpya. Maji hushuka kwa mfongo, mfereji uliochimbwa na ukoo na kutunzwa kwa zamu. Mwaka 1984 watafiti Fernandes, Oktingati na Maghembe waliueleza mfumo huu katika makala ambayo bado inasomwa. Maghembe huyo baadaye akawa Waziri wa Maliasili na Utalii wa Tanzania. Mtafiti Andreas Hemp naye aliorodhesha aina zaidi ya 500 za mimea katika mashamba haya, na mwaka 2011 FAO ililitambua eneo la Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu wa kidunia.

Hapa nakuomba uwe mwangalifu, kwa sababu kihamba kinasifiwa kupita kiasi. Mzunguko wake haujawahi kufungika kabisa. Majani mengi ya ng'ombe hutoka tambarare, na wanaoyapandisha mlimani, mzigo kichwani, ni wanawake. Rutuba ya juu ni nyasi za chini. Kwa hiyo kabla ya kusema chochote juu ya mzunguko, sema mpaka wake uko wapi na ni mgongo wa nani unaousukuma. Mzunguko unaotegemea kazi isiyolipwa ya mama mmoja haurejeshi kitu, hata kama haubakizi taka.

Sasa mwingize mgeni. Huko Materuni na Marangu, kwenye miteremko hiyohiyo, wageni hutembezwa mashambani, wakachuma kahawa iliyoiva, wakaimenya, wakaikaanga na kuitwanga kinuni huku wenyeji wakiimba, kisha wakainywa palepale uani. Kikombe hicho kimelipiwa mara nyingi zaidi ya kahawa ya kiasi hichohicho ikifika mnadani Moshi, na maganda yake yamebaki shambani. Hapo mgeni ameingia ndani ya mzunguko. Lakini fuata mlo wake wa mchana. Mara nyingi utakuta mkate na soseji za dukani, na maji ya chupa yaliyopandishwa kwa gari hadi kwenye mlima uliojaa vijito. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki kuanzia Juni 1, 2019, lakini chupa bado zipo, na nyuma ya nyumba kijijini hakuna anayezichukua, huchomwa. Ikiwa safari iliuzwa na wakala wa mbali, sehemu kubwa ya fedha haikuwahi hata kupanda mlima.

Kwa upande wa maji na vyoo, kisiwa cha Chumbe, karibu na Unguja, kinafundisha zaidi. Matumbawe yake yalitangazwa hifadhi mwaka 1994. Kisiwa hakina maji baridi, basi mvua hukingwa kwenye mapaa ya nyumba za wageni, ikachujwa na kuhifadhiwa chini ya sakafu. Vyoo havitumii maji. Kinyesi huoza kikawa mboji. Maji ya kuogea hupitishwa kwenye vitanda vya mimea ili virutubisho vyake visiifikie bahari, na mapato ya wageni hulipia walinzi, baadhi yao waliokuwa wavuvi. Kijiji si kisiwa, na kuiga kila kitu itakuwa makosa, lakini choo cha mboji kinawezekana popote penye migomba.

Ubishi mkubwa kati yetu wanataaluma ni juu ya safari za ndege. Mgeni aliyevuka bara zima kuja kunywa kahawa ameacha hewani moshi ambao kihamba kimoja hakiwezi kuufuta. Wapo wanaosema safari hiyo iko nje ya hesabu ya kijiji. Mimi naona lazima iandikwe, na ndiyo maana naamini wageni wa Dar es Salaam, Dodoma na Nairobi, ambao vitabu vya utalii huwapuuza, wanastahili sura nzima katika somo hili.

Vifaa vya kuanzia ni vichache: mizani, daftari, na ruhusa ya mwenye nyumba. Pima kilichoingia jikoni na kilichotoka siku yenye wageni, kisha siku isiyo na wageni. Uliza kila shilingi ilikolala jioni. Na kabla ya kumwuliza mwongoza wageni, anza na anayekata majani ya ng'ombe, maana ndiye ajuaye wageni wamempunguzia mzigo au wamemwongezea.