Mumiani Akipiga Hodi

Shangazi alikuja kututembelea Ijumaa, akaondoka Jumatatu, na katikati tukatazama filamu tatu. Mimi nilishika rimoti, yeye alitoa hukumu.

Tulianza na Mufasa: The Lion King, ya Desemba 2024, kwa ajili ya watoto. Mwongozaji ni Barry Jenkins, yule wa Moonlight, kwa hiyo niliketi na leso tayari. Haikulowa. Manyoya na maji vimetengenezwa kwa ustadi wa ajabu, lakini simba aliyechorwa kama simba wa kweli hana mashavu ya kuimbia. Anafiwa, anapenda, anasalitiwa, sura ni ile ile.

Halafu yakaja majina. Mtoto wa mfalme, ambaye baadaye ndiye Scar, anaitwa Taka. Watoto wakaangua kicheko, na kila alipotajwa wakacheka upya, hata pale anapomkosa Sarabi na moyo kumvunjika. Shangazi hakucheka. "Kwani hamjui watu wanaoitwa Shida? Tabu? Mashaka? Jina hupewi kwa kupenda." Nikaanza kumhurumia Taka kuliko filamu yenyewe inavyomhurumia, maana usaliti wake umepitishwa mbio mbio. Na ile nchi ya neema wanayoitafuta inaitwa Milele. Mwenye Kiswahili akisikia simba wanafunga safari kwenda Milele, anadhani anasikiliza matangazo ya vifo redioni.

Jumamosi, watoto walipolala, nikaweka Sinners ya Ryan Coogler, ya 2025. Hapo ndipo palipokuwa na shughuli. Ni Mississippi, 1932. Mapacha wawili, wote Michael B. Jordan, wanarudi kutoka Chicago na fedha ambazo ni heri usiulize zilikotoka. Wananunua kiwanda chakavu cha mbao na kukigeuza ukumbi wa blues. Usiku wa ufunguzi tu, wanyonya damu wako mlangoni. Nao hawaingii mpaka wakaribishwe.

Shangazi akakaa wima. "Hao mumiani."

Sikuwa nimelisikia neno hilo miaka mingi. Enzi za mkoloni, pwani hii hadi Nairobi, watu waliamini kuna wanaokamata wapita njia usiku na kuwakamua damu. Hata wazimamoto walishukiwa. Basi bawabu wa ukumbi anatoka kwenda haja, anarudi, anasimama kizingitini akiomba aruhusiwe kuingia. Shangazi akaigombeza televisheni: "Msimwitikie! Alikuwa humo ndani sasa hivi, hodi ya nini?" Punde Annie, mganga wa mizizi, naye akaanza kutilia shaka jambo hilo hilo.

Kuna mahali kijana Sammie anaimba, na ukumbini wanatokea wapiga ngoma wa kale, mpiga gitaa la umeme, hata DJ, waliotangulia na ambao hawajazaliwa wakicheza pamoja. Kwa dakika zile tu ningelipa kiingilio mara mbili. Mapigano na Ku Klux Klan mwishoni yangeweza kupunguzwa. Ila usizime majina yanapoanza kupita: mzee Buddy Guy bado hajatokea.

Jumapili ilikuwa zamu ya Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya 2021, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Vichochoro vya Zanzibar ya miaka ya 1950 vimepigwa picha kwa mapenzi, na Siti Amina akiwa Mwajuma anaiamsha filamu kila anapoingia. Shangazi, aliyesoma kitabu, alinuna: wapenzi Denge na Yasmini wanatazamana mno, hawazungumzi. "Kitabuni walikuwa na maneno." Mimi nilikipenda kimya kile. Tulibishana mpaka chai ikapoa.

Jumatatu alfajiri nikamsindikiza hadi kwenye bodaboda. Nilikuwa ndio kwanza nimerudi ndani na kufunga mlango.

"Hodi! Nimesahau miwani."

Sauti ilikuwa yake kabisa. Hata hivyo, nilichungulia dirishani kwanza.