Je, Wajua? Chombo Kilicholizidi Ziwa Tanganyika

Je, wajua kwamba chombo kikuu cha wavamizi kutoka anga za juu katika sinema ya Independence Day ni kifupi kuliko Ziwa Tanganyika? Katika picha ile ya mwaka 1996, kipenyo chake kinatajwa kuwa zaidi kidogo ya kilomita 550. Ziwa letu lina urefu wa kilomita 673 hivi, kutoka Burundi hadi Zambia. Vile vyombo vidogo vinavyoshuka kutoka ndani yake na kusimama juu ya miji vina upana wa kilomita 24 kila kimoja. Kwa kuwa upana wa wastani wa ziwa ni kilomita 50, kimoja tu kingeweza kufunika karibu nusu ya maji kati ya ufuo wa Kongo na ule wa Tanzania. Mtu aliyesimama bandarini Moba, upande wa Kongo, angekiona chote. Angetetemeka, lakini angejua kivuli kimeanzia wapi na kimeishia wapi.

Miaka 20 baadaye, Juni 2016, ikatoka sehemu ya pili, Independence Day: Resurgence. Safari hii chombo kina kipenyo cha kilomita 4,800 hivi. Mwezi wenyewe una kilomita 3,474. Ukiuweka ukingo mmoja wa chombo hicho Moba, ule wa pili utaipita Cairo, utavuka Bahari ya Mediterania na kukaribia Uturuki. Kwa maoni yangu, hapo ndipo picha ilipopotea. Kitu kikubwa namna hiyo hakina umbo machoni pa mtu. Ni giza tu. Kinanyanyua majengo marefu ya Asia, Burj Khalifa la Dubai likiwemo, na kuyamwaga juu ya London, na mtazamaji anabaki ametulia kitini.

Je, wajua kwamba hata chombo cha kwanza kilikuwa na hesabu ngumu? Tunaambiwa uzito wake ni robo ya ule wa Mwezi. Ukikichukua kama tufe la kilomita 550, ujazo wake haufiki hata sehemu moja kwa 200 ya ujazo wa Mwezi. Ili kibebe uzito huo, kingehitaji kuwa kizito zaidi ya mara 10 kuliko dhahabu ya ukubwa uleule. Kosa hilo halikumkera mtazamaji yeyote ninayemfahamu. Watu husamehe hesabu mbovu wakishawapenda wahusika.

Tazama na namna moto ulivyopigwa picha. Ikulu ya Marekani iliyolipuliwa mwaka 1996 ilikuwa mfano wa plasta wenye upana wa mita 3 hivi na kimo cha mita 1.5. Ulilipuliwa kwa baruti ya kweli mbele ya kamera kadhaa zilizokuwa zikinasa picha nyingi mno kwa kila sekunde. Sababu ni kwamba moto unaotoka kwenye kitu kidogo hukimbia upesi. Usipopunguzwa mwendo, jicho hugundua mara moja kwamba nyumba ni ya kuchezea. Ule ukuta wa moto unaofagia barabara nao ulitengenezwa kwa akili ya ajabu. Mafundi walijenga mtaa mzima mdogo, na magari na majengo yake, kisha wakausimamisha wima. Kamera ikawekwa juu ikitazama chini, moto ukawashwa chini. Moto kwa kawaida hupanda, kwa hiyo ulipita katikati ya majengo kuelekea kamera, na sisi tukaamini unatambaa barabarani. Kazi hiyo ilipata tuzo ya Oscar ya madoido ya picha. Sehemu ya pili iliundwa kwa sehemu kubwa ndani ya kompyuta. Ni safi, inang'aa, na haina vumbi.

Fedha nazo zilisema. Ya kwanza iligharimu dola milioni 75 hivi na kuingiza takriban milioni 817 duniani kote. Ya pili iligharimu dola milioni 165, ikaingiza pungufu ya milioni 390. Mwongozaji Roland Emmerich, aliyeziongoza zote mbili, alisema mwaka 2019 kwamba alipaswa kukataa kuitengeneza baada ya Will Smith, nyota wa ile ya kwanza, kujiondoa.

Kila aliyekulia kwenye vibanda vya video, wasimuliaji kama Lufufu wa Dar es Salaam na DJ Afro wa Kenya wakimtafsiria picha kwa sauti, anaijua kanuni: stelingi hafi. Je, wajua kwamba stelingi wa Independence Day alifia nje ya picha? Kapteni Steven Hiller, aliyeigizwa na Will Smith, anatajwa katika sehemu ya pili kuwa alikufa mwaka 2007 akijaribu ndege mpya. Hatukuonyeshwa ajali wala mazishi. Tunaonyeshwa picha yake ukutani, basi, mambo yanaendelea.

Linganisha na Black Panther. Chadwick Boseman, aliyeigiza mfalme wa Wakanda, alipofariki kweli kwa saratani, Agosti 2020, sehemu ya pili, Wakanda Forever ya mwaka 2022, ilianza na kifo na mazishi ya mfalme. Lupita Nyong'o wa Kenya na Florence Kasumba, mzaliwa wa Kampala, walirudi katika nafasi zao. Mapato yalishuka, kutoka zaidi ya dola bilioni 1.3 hadi milioni 859 hivi. Lakini picha ile iliomboleza pamoja na watazamaji wake, na mimi naiheshimu kwa hilo. Tena si kila sehemu ya pili hushindwa: Terminator 2 ya mwaka 1991 iliishinda ile ya 1984 kwa mapato na kwa sifa. Ilikuwa na fedha nyingi zaidi, ndiyo, lakini moyo wake ni mtoto anayeikataza mashine kuua.

Je, wajua Moba ilipitia nini kati ya sehemu mbili za Independence Day? Ya kwanza ilipotoka, Moba ilikuwa mji wa mkoa wa Shaba, nchini Zaire. Mwaka 1997 Zaire ikawa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Shaba ikarudia jina la Katanga. Mwaka 2015 Katanga ikagawanywa kuwa mikoa minne, Moba ikaangukia mkoa mpya wa Tanganyika, makao makuu Kalemie.

Nimeacha mwisho jambo linaloniuma zaidi. Katika Resurgence, chombo kimoja cha mwaka 1996 kilitua Afrika, katika nchi ya kubuni ya Umbutu, na waliokuwamo wakashuka. Wenyeji walipigana nao ardhini kwa takriban miaka 10. Kiongozi wao, Dikembe Umbutu, aliyeigizwa na Deobia Oparei, anatembea na mapanga mawili mgongoni na anajua adui huyo huuawa kwa kuviziwa kutoka nyuma. Nakerwa kwamba Mwafrika amepewa tena nafasi ya mbabe wa vita. Hata hivyo, watu wake ndio pekee katika picha nzima walioishi na wavamizi hao bega kwa bega na kuwashinda, bila ndege wala rais wa kuwahutubia.

Vita vya miaka mingi milimani si hadithi ngeni kando ya ziwa hili. Chama cha waasi cha PRP cha Laurent-Désiré Kabila, kilichoanzishwa mwaka 1967, kilijificha kwenye milima ya Fizi kwa miaka mingi. Novemba 1984 wapiganaji wake waliiteka Moba kwa siku chache kabla ya jeshi la Rais Mobutu wa Zaire kuirudisha. Walijaribu tena mwaka 1985, wakashindwa. Wazee wanaokumbuka miaka ile wangeweza kumweleza mwandishi yeyote wa sinema jinsi raia anavyolima, anavyovua na anavyozika katikati ya vita.

Resurgence inatupa miaka 10 ya Umbutu kwa maneno machache tu, kisha inapanda ndege kurudi Marekani. Inamalizika ikiahidi sehemu ya tatu, ya kuwafuata wavamizi huko angani. Mwaka 2019 Disney iliinunua 20th Century Fox, studio iliyozitoa picha zote mbili, na sehemu hiyo haijatengenezwa. Kama siku moja itatengenezwa, waiache anga kwanza, warudi nyuma hadi Umbutu, usiku ule mlango wa chombo ulipofunguka.