Mwanamfalme Harry na kipimo cha utani wa Tabora

JANUARI 11, 2009, gazeti la News of the World la Uingereza lilichapisha habari iliyolitikisa kasri la Malkia Elizabeth wa Pili. Katika mkanda wa video uliorekodiwa mwaka 2006, mjukuu wake, Mwanamfalme Harry, alisikika akimtaja askari mwenzake kutoka Pakistan kwa neno "Paki".

Mkanda huo uliporekodiwa, Harry alikuwa kijana wa miaka 21, mwanafunzi wa uofisa katika chuo cha kijeshi cha Sandhurst. Yeye na wenzake walikuwa uwanja wa ndege wakisubiri safari ya kwenda Cyprus kwa mazoezi, naye ndiye aliyeshika kamera akiwachekesha wenzake. Katika mkanda huohuo alimtania askari mwingine kwa neno la dharau ambalo Waingereza huwaita nalo watu wanaovaa vilemba.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Mwanza, neno hilo la kwanza linaweza kuonekana dogo. Ni kifupisho cha Mpakistani, basi. Mbona Mtanzania huitwa Mbongo mchana kweupe, naye akaitika bila kununa?

Tofauti iko katika historia ya neno lenyewe. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, "Paki" ndilo neno lililopigiwa kelele na magenge ya vijana wa Kizungu waliokuwa wakiwavizia na kuwapiga wahamiaji kutoka Pakistan, India na Bangladesh katika mitaa ya London na miji mingine ya Uingereza. Aliyekuwa akikimbizwa hakuulizwa kama kweli ni Mpakistani. Neno lilimtangulia na teke likafuata.

Ndiyo maana lawama zilikuja kwa haraka. Gordon Brown, waziri mkuu wa wakati huo, alisema neno hilo halikubaliki, ingawa aliongeza kwamba aliamini mwanamfalme ameomba radhi kwa dhati. David Cameron, aliyekuwa kiongozi wa upinzani, naye alilaani. Familia ya askari aliyetajwa, iliyokuwa Pakistan, ilieleza kuumizwa. Jeshi lilimwonya Harry na kumpeleka kwenye mafunzo ya usawa. Wengi walikumbushana pia kwamba Januari 2005 kijana huyo alipigwa picha kwenye sherehe akiwa amevaa vazi lenye alama ya Wanazi.

Hata hivyo, si Waingereza wote waliokasirika. Wapo waliosema kwamba askari kambini hupeana majina ya kila aina, na kwamba magazeti yalikuwa yakikuza jambo dogo. Msemaji wa mwanamfalme alijenga utetezi wake juu ya hoja hiyohiyo: neno lilitamkwa bila nia mbaya, lilikuwa jina la kupanga la mwenzao aliyependwa sana kikosini.

Utetezi huo, ukiusikiliza kwa sikio la Kitanzania, una jina lake. Ni utani.

Na kama kuna mahali ambapo hoja ya utani inaweza kupimwa kwa haki, ni Tabora na njia ndefu ya misafara iliyopita hapo. Katika karne ya 19 mji huo, ambao wasafiri wa Kizungu waliujua kwa jina la Kazeh, ulikuwa njia panda ya bara. Upande wa mashariki njia ilikwenda Bagamoyo, magharibi ikaenda Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, na kaskazini ikapanda hadi Karagwe na Buganda. Burton na Speke walifika hapo Novemba 1857. Livingstone na Stanley walikaa pamoja katika tembe la Kwihara mwaka 1872.

Waliobeba mizigo ya biashara hiyo, pembe za ndovu kwenda pwani na nguo na shanga kurudi bara, walikuwa hasa wapagazi wa Kinyamwezi. Safari kutoka pwani hadi Tabora ilichukua takribani miezi mitatu. Walipita Uzaramo, wakapanda milima ya Usagara, wakavuka Ugogo ambako watemi walitoza hongo, neno lililokuwa na maana ya ushuru halali wa kupita kabla halijageuka kuwa rushwa.

Mtu anayepita nchi ya wenzake kwa miezi mitatu, hana ndugu wala shamba, anahitaji zaidi ya ngao. Anahitaji mtu wa kumpa maji, na akifa, mtu wa kumzika. Wataalamu wa mila hutoa asili mbili za utani wa makabila: vita vilivyokwisha kwa suluhu, na safari hizi za misafara. Utani wa Wanyamwezi na Wazaramo ni miongoni mwa ile ya siku nyingi ambayo hutajwa sana.

Katika utani huo, mtu huweza kumwita mwenzake mtumwa wake, akamcheka chakula chake, lafudhi yake na sura ya baba yake. Huweza kuchukua kuku wa mtani asiitwe mwizi. Msibani, watani hufanya vituko ambavyo mgeni angedhani ni uhuni, mpaka walipwe kitu kidogo ndipo mazishi yaendelee. Lakini watani haohao ndio wanaoshika majembe na kuchimba kaburi.

Matusi hayo hayaumizi, na sababu si kwamba watani wana ngozi ngumu. Mtukanwaji ana haki kamili ya kujibu, papo hapo, kwa tusi la uzito uleule au zaidi, mbele ya watu walewale. Mnyamwezi akimwita Mzaramo mtumwa, Mzaramo naye humwita Mnyamwezi mtumwa, na hakuna anayeondoka pale akiwa juu. Asiye mtani akijaribu maneno hayohayo huwa ametukana, na zamani angeweza kupigwa. Hata mashabiki wa Simba na Yanga, wanaoitwa watani wa jadi, wanalijua hilo bila kufundishwa: kejeli ya Jumamosi hujibiwa Jumatatu kazini.

Kwa kipimo hicho, utetezi wa kasri unapata shida. Nani angemjibu Harry? Alikuwa wa tatu katika mstari wa kurithi kiti cha enzi. Jeshi alilolitumikia liliapa utii kwa bibi yake. Mwenzake alikuwa mgeni kutoka jeshi la nchi iliyowahi kuwa chini ya taji hilohilo mpaka mwaka 1956. Na hata kama angethubutu, angetumia neno gani? Lugha ya Kiingereza haina neno la kumdhalilisha mwana wa mfalme kwa asili yake ambalo limewahi kufuatwa na teke.

Siku chache baadaye liliibuka jambo jingine lililofanya mjadala uwe mgumu zaidi. Iliripotiwa kwamba Mwanamfalme Charles, baba yake Harry na mfalme wa sasa, pamoja na wenzake wa mchezo wa polo, walikuwa wakimwita rafiki yao mmoja mwenye asili ya India "Sooty", yaani mwenye masizi. Safari hii mhusika mwenyewe alijitokeza akasema jina hilo ni la mapenzi na halimuudhi hata kidogo.

Hakuna sababu ya kumkanusha. Mtu anajua mwenyewe kinachomuuma. Lakini Mnyamwezi angeuliza swali moja la ziada: na yeye humwita Charles nani?

Njia ya misafara ilizaa utani. Ilisambaza pia neno ambalo halikuwa utani hata siku moja, nalo ni "mshenzi". Watu wa pwani walilitumia kwa watu wa bara, wasio Waislamu, wasiovaa kanzu, wasiojua Kiswahili cha mjini. Kinyume chake kilikuwa "muungwana". Bara nzima, kutoka nyuma ya Bagamoyo hadi ng'ambo ya ziwa, iliwekwa katika neno moja la dharau, na wenyewe hawakuwa na neno la kurudisha ambalo mtu wa pwani angelisikia.

Jambo la kushangaza ni jinsi neno hilo lilivyopanda ngazi. Katika misafara ya karne ya 19, wapagazi na askari kutoka pwani na Unguja walijiita Waungwana, ingawa wengi wao walikuwa watumwa au watu waliotoka utumwani, waliozaliwa bara kulekule. Mtu aliyeitwa mshenzi jana, akishavaa kanzu na kujifunza Kiswahili, leo aliwaita wengine washenzi. Baadaye wakoloni wa Kizungu waliliokota neno hilo na kulifanya lao, wakawatukana nalo wenye kanzu na wasio na kanzu pamoja.

Si kila jina lililotolewa na wageni lilikuwa tusi. "Wanyamwezi" lenyewe, kwa maelezo yanayokubaliwa na wengi, ni jina la watu wa pwani kwa watu wa upande wa magharibi, unakoandama mwezi. Wenyewe walijiita kwa himaya zao, Wanyanyembe, Wagalaganza na kadhalika. Jina la kupewa likageuka la fahari, kwa kuwa waliolibeba walilijengea sifa ya kazi njiani na sokoni. Hivyo herufi za neno hazitoshi kueleza kwa nini linauma, na hilo Wapakistani wa Uingereza wamekuwa wakilisema kwa miaka mingi.

Kauli za kizembe kuhusu rangi kutoka kwa watoto wa wafalme pia hazikuanzia London. Mwaka 1886 Binti Salme, aliyezaliwa mwaka 1844 katika jumba la Sultani Said wa Zanzibar, alichapisha kumbukumbu zake huko Ujerumani, alikokuwa akijulikana kwa jina la Emily Ruete. Kitabu hicho ni hazina kwa mambo mengi ya maisha ya kasri la Unguja. Lakini ndani yake mwandishi anautetea utumwa, na anawaeleza watu weusi kuwa ni wavivu wasiofanya kazi bila kulazimishwa.

Salme hakuwa na chuki ya pekee. Alilelewa akihudumiwa na watumwa, na alichokiandika ndicho kilichosemwa mezani alipokuwa mtoto. Miongoni mwa watu aliowaandika walikuwamo walioletwa kwa njia ya Tabora, na njia hiyo mtu "mvivu" asingeimaliza. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na nafasi ya kuchapisha jibu Berlin.

Tabora imeshuhudia pia mtoto wa mtemi wa aina nyingine. Shule ya Serikali ya Tabora, iliyoanzishwa na Waingereza katika miaka ya 1920, ililenga hasa kuwalea watoto wa watemi kwa mfano wa shule za mabwana wa Uingereza. Mwishoni mwa miaka ya 1930 aliingia hapo Julius Nyerere, mtoto wa Mtemi Burito wa Wazanaki.

Nyerere alirudi Tabora Januari 1958 kwa mkutano mkuu wa TANU, uliotakiwa kuamua kama chama kishiriki uchaguzi uliowekwa kwa misingi ya rangi. Kila mpiga kura alilazimika kuwachagua watu watatu: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wajumbe wengi walifika wakitaka kususia, na hasira yao ilikuwa na sababu. Nyerere aliwashawishi washiriki, na uamuzi huo ukaitwa Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu aliondoka na kuanzisha chama chake kilichodai Afrika kwa Waafrika. Wagombea waliosimama kwa kuungwa mkono na TANU, wa rangi zote tatu, walishinda.

Oktoba 1961, katika mjadala wa sheria ya uraia, baadhi ya wajumbe wa baraza walitaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Nyerere aliwajibu kwa ukali, akawalinganisha na Hitler na Verwoerd wa Afrika Kusini, na akawa tayari kujiuzulu. Wahindi na Waarabu waliolengwa na maneno yale walikuwa wachache wasioweza kujibu kwa sauti ya uzito uleule. Leo Katiba, katika ibara ya 13, inakataza ubaguzi wa rangi, kabila, pahala mtu alipotoka na hali yake ya maisha. Hata hivyo, mwanzoni mwa miaka ya 1990 neno "gabacholi" lilisikika majukwaani likiwalenga Watanzania wenye asili ya Asia.

Harry alilirudia suala lake katika kitabu cha Spare, kilichotoka Januari 2023. Anaeleza kwamba tangu utotoni alisikia watu wakilitumia neno lile na hakuona aliyeshtuka, hivyo hakulijua kuwa ni tusi. Waliomzunguka hawakuwa watu wa kuitwa hivyo. Anaeleza pia kwamba alimtafuta mwenzake kumwomba radhi, na kwamba mwenzake alimsamehe pale pale na kumwambia si jambo kubwa. Urahisi wa msamaha huo, kwa maelezo yake, ndio uliomfanya ajisikie vibaya zaidi.