Kisiwa Husomwa Kutoka Baharini: Utangulizi wa Safari za Boti na Matembezi katika Visiwa vya Ugiriki

Katika kisiwa cha Melos kuna jiwe jeusi la volkano, linalong'aa na lenye makali ya kukata nyama, liitwalo obsidiani. Wanaakiolojia walipochimba pango la Franchthi, upande wa bara ya Ugiriki, walikuta vipande vya jiwe hilohilo katika tabaka za udongo zenye umri wa zaidi ya miaka 10,000. Jiwe halivuki bahari lenyewe. Kuna watu waliolifuata kwa vyombo vyao na kurudi nalo, kabla kilimo hakijafika katika nchi ile na kabla mtu yeyote hajafinyanga chungu huko. Mgeni wa somo hili napenda aanzie hapo, kwenye pango lililo mbali na kisiwa, kwa sababu wazo ninalotaka alichukue ni moja: kisiwa cha Ugiriki hakieleweki kwa kukaa juu yake tu. Kila kimoja kiliishi kwa jirani zake, na jirani hufikiwa kwa chombo.

Karibu, basi. Taaluma ninayokualika ina akiolojia ndani yake, ina jiolojia, ina elimu ya pepo, na ina maadili ya mgeni. Anayesimama gatini Naxos au Agios Nikolaos jioni, mbele ya vibao vinavyotangaza safari za kesho, ameshaingia katika taaluma hii hata kama hakukusudia. Vibao karibu vyote vinaahidi maji ya samawati, chakula cha mchana na muda wa kuogelea, kwa hiyo ahadi hizo hazimsaidii kuchagua. Kinachomsaidia ni swali analokwenda nalo. Mimi humshauri aulize kuhusu kisiwa alichofikia: watu wa hapa walimtegemea nani, na nani aliwategemea wao? Safari inayojibu swali hilo ndiyo ya kulipia kwanza.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Delos. Ni kisiwa chenye urefu wa kilomita tano hivi, kikavu, ambako leo hakuna anayeruhusiwa kulala isipokuwa walinzi na watafiti. Wagiriki wa kale waliamini kuwa Apollo alizaliwa hapo, na visiwa vya Cyclades vilihesabiwa kuwa vimekizunguka. Mwaka 426 KK Waathene waliyafukua makaburi yake yote, wakaamuru kwamba mtu asizaliwe wala asifie hapo. Wajawazito na mahututi walivushwa hadi kisiwa jirani cha Rheneia. Katika karne ya pili KK Warumi wakakifanya bandari huru isiyotozwa ushuru, na biashara ikamiminika. Strabo, mwanajiografia wa kale, anasema soko lake liliweza kupokea na kusafirisha watumwa elfu kumi kwa siku moja. Msomaji anayelijua soko la watumwa la Unguja atapita katika viwanja vile vya mawe kwa moyo mwingine, na ana haki ya kumtaka anayemwongoza aizungumzie habari hiyo. Maelezo ya Delos yanayoishia kwa miungu na sanamu za simba yameacha nusu ya kisiwa.

Simba wenyewe ni ushahidi mzuri wa neno langu kuhusu majirani. Walichongwa kwa marumaru ya Naxos na kutolewa na watu wa Naxos katika karne ya saba KK, ili kila aliyefika Delos kuabudu aone ni nani mwenye nguvu katika bahari ile. (Wanaosimama nje leo ni nakala, asili zimehifadhiwa ndani ya jumba la makumbusho la hapo kisiwani.) Mgeni wa Naxos aliyekwisha kuona machimbo ya marumaru ya huko, kisha akapanda boti kwenda Delos, anaiona safari ya jiwe kutoka mwanzo hadi mwisho. Mwenye kukaa Mykonos ana njia fupi zaidi, karibu nusu saa baharini. Boti za kutoka Naxos na Paros mara nyingi huunganisha Delos na Mykonos kwa siku moja, na hapo pana hatari: mji wa Mykonos, wenye maduka na mikahawa, huweza kuyala masaa ambayo Delos inayahitaji. Angalia ratiba. Chini ya masaa matatu juu ya Delos, mtu hukimbizana na jua tu, na kivuli hakuna.

Delos pia ndipo ninapomwambia mgeni asibane fedha ya mwongoza watalii. Kuta zilizobaki ni za magoti na viuno. Bila mtu wa kukuonyesha wapi palikuwa ghala, wapi hekalu la miungu wa Misri na wapi sinagogi, utaona mawe. Ugiriki ina sheria kali katika jambo hili: kuongoza wageni ndani ya maeneo ya akiolojia na makumbusho ni kazi ya wenye leseni ya serikali, nao hubeba kitambulisho. Mtu wa boti anayekupa habari kwa kipaza sauti ni mfanyakazi wa chombo, na kazi yake huishia gatini. Ndiyo maana tiketi mbili zenye bei tofauti sana zaweza kukupeleka mahali pamoja: moja ina msomi ndani yake, nyingine ina nauli tu. Lugha nayo ni sehemu ya uchaguzi. Waliochimba Delos tangu miaka ya 1870 ni Shule ya Kifaransa ya Athens, na maandishi mengi ya kitaalamu juu yake ni ya Kifaransa, hivyo msomaji wa Lubumbashi au Bujumbura asiyaogope matembezi ya Kifaransa kwa kudhani Kiingereza ndicho chenye mambo.

Manung'uniko juu ya waongoza wageni ni ya kale. Plutarch, aliyekuwa kuhani huko Delphi, anaeleza wageni waliowasihi viongozi wao wafupishe, nao wakaendelea na hotuba yao ileile ya siku zote. Kipimo changu kinatokana na kisa hicho: mwongoza watalii mzuri ni yule ambaye swali lako linaweza kuibadili njia yake. Kundi la watu hamsini haliwezi kupewa nafasi hiyo hata na mwalimu bora. Kundi la watu kumi na wawili linaweza.

Sasa upepo, ambao watunga matangazo huuruka na mimi nauona kuwa moyo wa somo. Wasomaji wa pwani yetu hawahitaji kufundishwa kwamba pepo hupanga maisha. Kusi na kaskazi vimeijenga miji yetu. Wafanyabiashara wa lugha ya Kigiriki walizijua pepo hizo pia. Kitabu kidogo cha karne ya kwanza BK, kiitwacho Periplus ya Bahari ya Eritrea, kinaeleza safari za hadi soko la Rhapta katika pwani ya Afrika Mashariki na kutaja mashua zake za kushonwa. Bahari ya Aegean ina upepo wake wa kiangazi, meltemi, unaovuma kutoka kaskazini hasa Julai na Agosti. Huja chini ya anga safi kabisa. Mgeni huamka, akaona jua na mbingu bila wingu, kisha akaambiwa safari imefutwa, akashuku kwamba anadanganywa. Hadanganywi. Mamlaka ya bandari ndiyo hutoa zuio, kwa kufuata kipimo cha Beaufort, na vyombo vidogo huzuiwa mapema kuliko feri kubwa. Nguvu ya 6 katika kipimo hicho huanzia kilomita 39 kwa saa; hata pasipokuwa na zuio, siku ya namna hiyo si ya kumpandisha mtoto katika boti ndogo ya kwenda kuona mapango.

Wanaoijua Biblia wanayo habari hii katika Matendo ya Mitume, sura ya 27. Paulo, akiwa mfungwa, alionya pale Bandari Nzuri, kusini mwa Krete, kwamba msimu umekwisha kuharibika. Akida akamsikiliza nahodha na mwenye merikebu, na dhoruba ikawapeleka hadi Malta. Nahodha anayekataa kung'oa nanga anastahili shukrani, hata kama likizo yako ni fupi.

Hata safari ya miguu huweza kutegemea bahari. Bonde la Samaria, huko Krete, hushukwa kwa kilomita 16 kutoka nyanda za Omalos, zaidi ya mita 1,200 juu, hadi kijiji cha Agia Roumeli. Kijiji hicho hakina barabara ya gari. Wote walioshuka asubuhi huondoka kwa chombo alasiri, na bahari ikichafuka, kinachobaki ni kusubiri. Anayenunua matembezi ya Samaria amenunua pia safari ya boti, na aulize habari zake.

Santorini inahitaji mpangilio kuliko fedha. Karibu mwaka 1600 KK volkano yake ililipuka, ikauzika mji wa Akrotiri chini ya majivu na kulipanua shimo ambalo leo ni ghuba ya kina cha karibu mita 400. Katika Akrotiri haijapatikana mifupa ya watu waliokufa katika mlipuko ule, dalili kwamba waliondoka mapema. Na kuta za nyumba zao zilichorwa msafara wa vyombo vya baharini. Nenda Akrotiri kwanza, kisha baharini. Utakapoelea chini ya ukuta wa miamba utakuwa unajua ni nini kilichokuwa pale juu. Boti nyingi hupita Nea Kameni, kisiwa cha lava ambacho mlipuko wake wa mwisho ulikuwa mwaka 1950. Kupanda kwake kunataka viatu vya kufunika mguu. Kinachoitwa chemchemi za moto, jirani yake, ni maji ya uvuguvugu yenye kutu, na boti haifungi pale: unaruka baharini na kuogelea hadi huko. Asiyejua kuogelea asilipie safari kwa ajili ya chemchemi hizo.

Zakynthos ina kasa, na hapo mgeni mwenyewe ndiye hatari. Ghuba ya Laganas iko ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1999. Kuna sehemu ambayo vyombo haviingii kabisa, na kwingine mwendo ni fundo 6 tu. Boti inayowakimbiza kasa ili picha ipatikane inavunja sheria kwa fedha yako.

Mwisho niseme juu ya Spinalonga, ngome ya Waveneti kando ya Krete ambako wagonjwa wa ukoma walitengwa kuanzia 1903 hadi 1957. Boti hutoka Agios Nikolaos, Elounda na Plaka. Ya Agios Nikolaos huchukua kama saa nzima na mara nyingi huongeza kuogelea na chakula. Ya Plaka ni dakika kumi, na hukuacha ukae muda unaotaka wewe. Nachagua Plaka bila kusita. Waliofungiwa pale walifungua maduka, wakafunga ndoa, na mwaka 1936 wakaunda chama cha kudai haki zao, kikiongozwa na Epaminondas Remoundakis, aliyekuwa mwanafunzi wa sheria. Historia ya namna hiyo haichanganyiki vizuri na muziki wa boti ya starehe.

Mwenye wiki moja aiweke safari yake kubwa siku ya pili au ya tatu, ili upepo ukiizuia zibaki siku za kujaribu tena. Na mbele ya meza ya tiketi aulize masaa ya kukaa nchi kavu ni mangapi, nani atazungumza na kwa lugha gani, na fedha zitarudishwa vipi bandari ikifungwa.