Kugawa Mzigo wa Tovuti: Mfano wa Wikipedia ya Kiswahili

Mwanafunzi wa Bukavu afunguapo makala katika Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2003, huona ukurasa mmoja tu. Nyuma ya ukurasa huo zimo seva nyingi zinazogawana kazi. Makala haya yanaeleza jinsi kazi hiyo inavyogawanywa, na kwa nini ugumu wake hauko katika kuongeza seva bali katika kuzifanya zote ziseme neno moja.

Wikipedia huendeshwa kwa programu ya MediaWiki, ambayo ni mfumo wa kusimamia maudhui. Ukurasa haukai tayari kama karatasi ya kitabu, bali hutungwa kutokana na maandishi yaliyomo katika hifadhidata. Wasomaji wakiwa wengi, seva moja huelemewa. Hivyo basi, mbele ya seva kadhaa huwekwa mgawaji, ambaye hupokea kila ombi na kulipeleka kwa seva mojawapo, ama kwa zamu, ama kwa ile yenye kazi chache. Aidha, hupima kila mara uzima wa seva, na isiyojibu huiondoa katika zamu. Kitenzi “kugawa” chafaa hapa kuliko “kusawazisha”, kwani seva yenye nguvu zaidi huweza kupewa mzigo mkubwa zaidi.

Hata hivyo, wingi wa seva pekee hautoshi. Wakazi wa Bukavu wanao mfano wa karibu. Vituo vya umeme vya Ruzizi I na Ruzizi II vimefuatana katika mto mmoja utokao Ziwa Kivu. Kituo cha pili kiliongeza umeme. Lakini maji ya ziwa yakipungua, vyote viwili huathirika. Seva kumi zinazotegemea hifadhidata moja zimo katika hali hiyohiyo.

Wikipedia hukabili tatizo hili kwa njia tatu. Kwanza, kurasa zilizokwisha kutungwa huwekwa akiba katika vituo mbalimbali, kikiwemo cha Marseille kilichoanza kazi mwaka 2022. Msomaji asiyejitambulisha kwa jina na neno la siri hupewa nakala hizo. Pili, hifadhidata kuu hupokea maandishi mapya, na nakala zake kadhaa hutumika kwa kusomewa. Tatu, picha na taarifa za waliojitambulisha hutunzwa mahali pa pamoja. Vinginevyo, aliyepokelewa na seva ya kwanza angekuwa mgeni kwa seva ya pili.

Nakala nazo zina hatari yake, ambayo wahakiki wa miswada ya tenzi waijua vema: kosa lililosahihishwa katika nakala moja huendelea kuishi katika nyingine. Kwa sababu hiyo, makala yasahihishwapo, amri hupelekwa vituoni ili nakala za zamani zifutwe. Vilevile, vituo vikuu viwili, cha Virginia na cha Texas, hubadilishana nafasi mara mbili kwa mwaka. Kwa dakika chache za mabadiliko hayo kusoma huendelea, lakini kuandika husimamishwa. Ni afadhali mwandishi angoje kuliko kuwa na asili mbili zinazopingana.

Chuo kitakacho kuweka kamusi au jarida lake katika seva mbili, kabla ya kununua mashine ya pili, hakina budi kwanza kuamua ni nakala ipi iliyo asili, na sahihisho litazifikiaje nyingine.