Sura ya Tano: Safari ya Gari Hufungwa Mjini

Tarehe 10 Agosti 1907, ofisa wa jeshi la Wajerumani aitwaye Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam na gari aina ya Gaggenau, lililoundwa mahususi na kuinuliwa juu sana ili lisikwame kwenye visiki. Alikusudia kuvuka bara zima mpaka Atlantiki. Vita vya Majimaji vilikuwa vinamalizikia, na reli ya kwenda Morogoro ilikuwa bado haijafunguliwa. Aliingia Swakopmund, katika Namibia ya leo, tarehe 1 Mei 1909, siku 630 baadaye.

Wanaosimulia safari ile husifu gari. Mimi nawafikiria zaidi watu waliolifikisha. Njiani hakukuwa na kituo cha mafuta, wala gereji, na mito mingi haikuwa na daraja la kustahimili uzito ule. Gari liliponasa, lilivutwa kwa kamba na mikono ya wanavijiji. Jina linalotajwa siku zote ni la Graetz. Miaka michache baadaye, katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliweka kambi ya wapagazi wao wa jeshi hapa hapa Ilala, jijini Dar es Salaam, na kambi hiyo ndiyo iliyoipa Kariakoo jina lake. Mji huu umekuwa ukifunga mizigo ya safari za bara tangu zamani, na bado unafunga.

Mgeni anayekanyaga Afrika kwa mara ya kwanza kwa kupitia Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere anakuwa ameshafika Ilala kabla hata hajatoka nje ya uwanja. Wengi huunganisha ndege ya Arusha au Zanzibar siku hiyo hiyo. Kwa anayetaka kuendesha mwenyewe, ushauri wangu ni abaki mjini walau siku moja, na aitumie kwa mafundi na maduka ya spea ya Gerezani na Kariakoo.

Magari mengi ya kukodi hapa ni Toyota zilizotumika Japani: Land Cruiser kwa njia mbaya, RAV4 kwa mfuko mwembamba. Japani nako huendesha upande wa kushoto wa barabara, kwa hiyo magari yao huja na usukani ulipo wetu. Lakini sababu kubwa ni spea. Toyota likikata bushi au shokapu huko Ruaha Mbuyuni, dereva hupiga simu Kariakoo, kifaa hutafutwa dukani, hufungwa kwenye boksi, huandikwa namba ya simu kwa kalamu nzito na kukabidhiwa kondakta wa basi la Iringa au Mbeya. Gari la kifahari la Ulaya, ambalo mgeni angelipenda zaidi, linaweza kusubiri kifaa hicho hicho kwa wiki kadhaa.

Kabla ya kulipia gari, lipeleke kwa fundi asiyemjua mwenye gari. Mwangalie anavyofanya kazi: hupiga jeki, hushika tairi juu na chini, akalitikisa, likicheza, anajua beringi au jointi imekwisha. Kisha hupapasa mpira kwa kiganja, maana tairi lililolika upande mmoja linamwambia habari za chesesi ambazo mwenye gari hakuzisema. Robo saa ya namna hiyo ina faida kuliko mkataba wa kurasa kumi. Hakikisha pia kuna tairi la akiba lenye upepo, pembetatu mbili na mtungi wa kuzimia moto, kwa sababu trafiki ataviulizia.

Barabara yenyewe ina lugha yake. Penye kibao cha 50 nenda 50 kweli, hata kama kijiji kinaonekana kimelala; askari mwenye tochi yupo kivulini. Majani mabichi yaliyotupwa lamini maana yake kuna lori limeharibika mbele. Dereva wa lori akiwasha indiketa ya kulia, mara nyingi anakuonya usimpite. Ya kushoto, anakuruhusu. Hata hivyo usipite kwa macho yake peke yake: huenda anakata kona tu.

Kwa safari ya kwanza napendelea Mikumi, takriban kilomita 300 kutoka Dar. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1964, ina kilomita za mraba 3,230, na barabara kuu ya Iringa inaikata kwa kilomita kama 50. Ndiyo maana abiria wa basi huona twiga bila kulipa kiingilio, na ndiyo maana pia wanyama hugongwa. Bango la njiani limeorodhesha faini kwa kila mnyama. Twiga ni dola 15,000. Usiku usipite hapo kama unaweza kuepuka: taa za lori zikikupofusha, nyati mweusi kwenye lami nyeusi humuoni mpaka umemfikia.

Getini fedha taslimu hazipokelewi. Hulipwa kwa kadi au kwa namba ya malipo. Mchana vaa nguo za rangi ya udongo. Mbung'o huvutwa na bluu na nyeusi, na hufuata kitu kikubwa kinachotembea, kwa hiyo gari lako wanalifukuza kama wanavyomfuata nyati.

Anayeendelea mpaka Hifadhi ya Ruaha ajaze tangi Iringa mjini, maana baada ya hapo ni zaidi ya kilomita 100, sehemu kubwa vumbi. Kiangazi, Juni hadi Oktoba, njia hiyo haina tabu kubwa. Mvua zikianza, nenda stendi ukamtafute dereva aliyetoka huko asubuhi hiyo hiyo, kwa sababu ramani ya simu haitakuonyesha korongo lililojaa jana usiku. Akisema maji bado yapo, lala Iringa.